Mwambie bibi matofali nimeyaona

Mama mkwe wangu hanisemeshi moja kwa moja na mimi simsemeshi, wala hatujagombana, ni heshima tu. Ni mama wa zamani huyu, huko Rungwe, tukikutana njiani mmoja wetu anachepuka kwenye migomba mpaka mwenzake apite, shikamoo yangu anaipokea kaangalia pembeni kama vile imetoka kwenye mti. Akiwa na neno na mimi anamtuma mjukuu wake, dogo wa miaka sita hivi ambaye meno ya mbele yote yamekwenda, anakuja mbio anasimama mbele yako anatema ujumbe kama alivyopewa, neno kwa neno, halafu anasubiri jibu. Nawaambia hili mapema ili baadae msije mkaniuliza "sasa si ungemuuliza tu mwenyewe?" Simuulizi bana. Huyo ni mama mkwe.

Mimi ni fundi umeme wa magari, nipo Mwanjelwa hapa Mbeya, kwetu ni Ifunda Iringa kwahiyo ni Mhehe, na kabla hamjaanza utani wa mbwa ngojeni nimalize. Nimefunga waya kwenye Fuso, kwenye Noah, kwenye bajaji, hadi kwenye mashine ya kusaga. Sasa ukishakuwa fundi wa namna hii ukweni wanakuona wewe unajua kila kitu chenye waya, na tatizo lenyewe ni kwamba na wewe unaanza kuamini.

Kaka wa mke wangu anaishi Marekani, Texas huko, miaka mingi. Yeye badala ya kutuma hela ya kujenga kama watu wengine akatuma nyumba nzima kwa meli. Ni treila, ile ya wazungu ya kuvutwa na gari, ndani kuna kitanda, jiko, friji, choo, futi 30 hivi ya urefu. Ikashushwa Dar ikavutwa na lori zaidi ya kilomita 800, ikapanda Kitonga, ikapita Iringa, Makambako, ikaja kukunja Uyole kuelekea Tukuyu mpaka kijijini kwao karibu na Kiwira. Wenzetu kule wanaendesha kulia kwahiyo mlango wa treila uko ubavu wa kulia, unateremkia pembeni ya barabara kistaarabu. Huku kwetu tunaendesha kushoto, maana yake lori likisimama barabarani ukifungua mlango wa hiyo nyumba unateremkia miguuni mwa Scania. Yule tingo aliyekuja nayo kutoka Dar alisema alizoea kutokea dirishani.

Sasa ubavu wa kushoto ndo kuna maajabu yenyewe. Ukibonyeza swichi kipande cha ukuta kinatoka nje kama droo ya kabati, chenye sofa na meza juu yake, futi karibu tatu, na nyumba inakuwa pana. Ukitaka kusafiri unabonyeza tena kinarudi ndani. Kinaitwa slaidi. Siku ya kwanza kilipotolewa niliambiwa kijiji kizima kilikuwepo na mzee mmoja alikimbia. Kikatolewa, kikabaki hivyo hivyo nje kinaning'inia upande wa migomba, mwaka mzima na zaidi.

Mwezi wa nne shem akanipigia. Amepata kiwanja Matema, ziwani kule, anataka treila iende ikapangishwe kwa watalii, kuna lori linaenda Kyela kubeba mchele litapita keshokutwa asubuhi, bei ya ndugu, sasa slaidi imegoma kurudi ndani na haiwezi kuvutwa barabarani ikiwa nje maana itafagia wapita njia wote mpaka Kyela. "Shem wewe ni fundi, nenda kaangalie." Nikamwambia shem hiyo ni mota ya volti 12 kama mota ya waipa tu, nusu saa naimaliza. Naomba hiyo nusu saa muikumbuke.

Nikafika kwenye saa tatu asubuhi na mvua. Mvua ya Rungwe mwezi wa nne hainyeshi, inahamia. Nikasalimia kutokea mbali, nikaitikiwa kutokea mbali, nikaingia kwenye treila nikabonyeza swichi. TAK. Basi. Nikabonyeza tena. TAK. Nikatabasamu kwa kweli, maana hiyo tak ni relei, kile kiswichi cha umeme kinachopeleka moto kwenye mota, relei ikilia ujue swichi ni nzima na amri inafika, kinachokosekana ni nguvu. Nikageuka nyuma nione hiyo slaidi yenyewe ina nini, nikakuta kwenye sofa wamekaa watu watatu wazito hawasalimii. Viazi. Magunia matatu ya lumbesa, yale yaliyojazwa mpaka yanavaa kofia, yamepangwa pale kwasababu hapavuji na panya hawafiki. Nikasema yaani mota ya watu wameipa kazi ya punda. Nikayatoa peke yangu kwenye utelezi, moja moja, la tatu tulianguka wote wawili.

Nahema pale mlangoni, dogo huyo.

"Anko, bibi anauliza umeyaona matofali?"

Nikaangalia, kweli kwenye matairi kumewekwa matofali, mbele na nyuma, kuzuia isitembee. Nikaona mama anajua kuangalia usalama. "Mwambie bibi matofali nimeyaona." Dogo akaondoka.

Tuje kwenye betri. Betri ya asidi iliyojaa na imepumzika inasoma 12.6 au 12.7, ikisoma 12 kamili ujue umebakiwa na kama robo tu hapo. Hii nikaweka mita ikasoma 10.9. Nikamwambia mtu abonyeze swichi huku naangalia, ikashuka mpaka 7. Sasa mota ya slaidi inakula ampia nyingi, ishirini thelathini huko, na taa ya dari itawaka vizuri tu na redio itaimba na wewe utasema betri ni nzima, kumbe betri inaweza kuwasha taa na isiweze kusukuma hata droo ya soksi. Hili nawaambia bure.

Swali likawa kwanini betri imekufa wakati treila imechomekwa umeme wa nyumbani? Nikafuata waya. Waya unaenda mpaka kwenye ekstensheni, ekstensheni inaenda dirishani, dirishani inaingia kwenye soketi. Nikauliza transfoma liko wapi? Maana kitu cha Marekani kinakula volti 120 na sisi tunatoa 230, shem alikuja na transfoma zito kama jiwe la kusagia, alilifunga kwa mkono wake. Shemeji yangu mdogo, kijana wa miaka kumi na tisa, akaanza kuangalia mawingu.

"Lilikuwa linavuma shem."

"Linavuma?"

"Usiku linavuma mmmmm, bibi akawa halali. Nikalitoa nikachomeka moja kwa moja."

"Halafu?"

"Halafu ikalia PAA."

"Halafu?"

"Halafu haikuvuma tena."

Nikafungua, chaja ya ndani ilikuwa nyeusi tiii na ndani yake kuna mjusi kakauka, naye Mungu amrehemu. Kwahiyo betri haijachajiwa tangu mwezi wa kwanza. Na siyo hiyo tu, nikaona kwenye betri kuna waya mbili za ziada zinaenda nyuma ya nyumba, nikazifuata nikakuta ubao una soketi za kuchajia simu nane na karatasi imeandikwa SIMU 300, KISWASWADU 200. Umeme ukikatika kijiji kizima kinakuja kuchaji kwake. Nikakosa hasira kabisa, nilipokuwa na umri wake nilikuwa sina akili hiyo.

Nikachomoa betri ya Noah iliyonileta, dereva akanung'unika nikamwahidi soda, nikaifunga. Nikabonyeza. TAK, halafu kimya. Fyuzi! Nikafungua kisanduku cha fyuzi, kwenye nafasi ya slaidi pamekaa msumari wa inchi mbili umekatwa vizuri na umepigwa msasa. Nikamwangalia shemeji. Shemeji akaangalia mawingu. Msumari wenyewe ulikuwa unapitisha umeme vizuri tu, ndo uzuri na ubaya wa msumari, wenyewe haukatiki, inakatika nyumba. Nikautoa nikaweka fyuzi ya 30. Ethi, ule waya wa kurudishia umeme, nayo ilikuwa imeota kutu kwenye chasisi, nikakwangua, nikapaka grisi, hiyo sina la kusema ni kazi ya dakika kumi.

Nikabonyeza tena na safari hii mota ikalia. Nyie! Uuuuuu, slaidi ikasogea kama vidole viwili, watoto nje wakapiga kelele, mimi ndani nikapiga kelele, halafu nyumba nzima ikatoa mguno kama ng'ombe anayezaa, ikainama upande wa migomba, mota ikakata. Ukisubiri dakika moja breka, ile inayojikata umeme ukizidi, inapoa inarudi yenyewe, unabonyeza, uuuuu, mguno, inainama, inakata. Mara sita. Mara ya saba nikaacha maana kikombe kilianguka kabatini.

Hapo ndugu zangu fundi mwenye akili angetoka nje akazunguka upande wa pili akaangalia kwa macho. Mimi nikakaa kwenye sofa nikafikiri. Upande wa pili kulikuwa na mvua, matope, migomba, na chini ya slaidi kumepangwa kuni, nilishaziona wakati natafuta waya, kuni zimepangwa vizuri toka chini mpaka juu, maana mama wa kijijini hawezi kuona paa halina kitu chini yake akaliacha hivi hivi. Kuni haziwezi kuzuia mota, nikasema. Nyumba inainama kwa sababu jeki zimezama kwenye matope. Nikaenda nikaongeza matofali mawili chini ya jeki ya upande ule wa mlango, nikajisifu.

"Anko, bibi anauliza matofali utayatoa saa ngapi?"

"Mwambie hayo nayatoa mwisho kabisa, lori likishafika, tukiyatoa sasa hivi nyumba itatembea."

Dogo akaniangalia kidogo. Akaenda. Nikamwona kwa mbali bibi anaambiwa, akakaa na mkono shavuni.

Mchana nikahamia kwenye mipira. Slaidi inazungukwa na mpira pande zote ili maji yasiingie, na mpira ukikaa muda mrefu bila kusogezwa unagandana na ukuta, hilo ni tatizo linalojulikana. Nikaanza kuvuta kona ya juu nikatoa kitambaa. Nikavuta tena, khanga nzima. Kule baridi yake mnaijua, mwezi wa sita mtu anaweza kulala na jiko, kwahiyo kila palipokuwa na upenyo walikuwa wamesokomeza kitu. Nilitoa khanga mbili, soksi zisizofanana, blanketi la mtoto, gazeti, mfuko wa mbolea, na fulana ya Yanga ambayo mimi kama mtu wa Simba niliona hatimaye imepata kazi. Kila nilichotoa niliamini ndo chenyewe. Nabonyeza, uuuu, mguno, inainama, tak.

Shem akapiga video. Huku saa kumi jioni kule ni saa mbili asubuhi, yuko kwenye gari anaenda kazini ananywa kahawa, nyuma yake jua linawaka, mimi nina matope mpaka kwenye nyusi.

"Shem vipi, imeingia?"

"Bado kidogo tu shem."

"Sikia, kuna hendeli. Chini kabisa kwenye mota kuna mahali pa kuzungushia kwa mkono. Unaachia breki ya mota halafu unazun..." Bando likaisha. La kwangu, siyo la kwake.

Nikaingia chini ya treila na tochi ya simu. Mota ipo katikati inazungusha shafti ndefu, kila upande kuna gia ndogo inayotambaa kwenye reli yenye meno, reli ikivutwa chumba kinaingia, kitu rahisi sana na kizuri, hata nilipenda. Nikaachia breki, spana ya boksi namba 19 ikakaa, nikazungusha. Ikaenda robo. Ikagoma. Nikarudisha nyuma ikaenda laini kama siagi. Mbele, inagoma. Nimelala chali kwenye matope maji yananiingia kwenye kola nikasikia miguu midogo.

"Anko."

"Sema."

"Bibi anasema ukivuta na matofali itavunjika."

Kusema kweli hapo nilikasirika, lakini unamkasirikia nani, mama mkwe? Nikasema kwa sauti ya upole mpaka ilinishangaza mwenyewe, "Mwambie bibi najua, hata gari halivutwi na matofali yakiwa kwenye tairi, mimi nimesomea, asiwe na wasiwasi, alale." Dogo akaenda. Nikasikia kule jikoni wanawake wanacheka, nikadhani wanacheka mambo yao.

Nililala ukweni usiku ule, nimepewa chumba cha mbele, ndizi na maharage nimekula mpaka kufika shingoni, lakini usingizi hakuna. Nasikia mvua tu, natengeneza slaidi kichwani. Saa tisa usiku niliamka kabisa nikaenda kupima betri. Mke wangu niliyemwacha Mbeya nikamtumia meseji kwamba mota ni mbovu, gia zimeliwa, kifaa cha kuagiza Marekani.

Asubuhi lori likaja. Dereva ni mtu wa makamo, kofia ya sufu, kashika kipande cha sigara, akasikiliza maelezo yangu yote ya volti na ampia kwa heshima kabisa halafu akasema, "Lori langu ni 24. Mpe 24 ataamka." Nikamwambia ataamka kweli halafu atalala moja kwa moja. Tukakubaliana tuchukue kwenye betri moja tu kati ya zile mbili, 12 tupu lakini yenye nguvu. Hiyo ndo maamuzi pekee ya siku mbili ambayo siyajutii.

Mpango ukawa hivi. Shemeji mdogo abonyeze swichi. Mimi niwe chini na hendeli, nimeongezea bomba la mita moja ili nipate nguvu. Vijana nane wasimame upande wa migomba wasukume slaidi kuelekea ndani. Dereva ahesabu. Kijiji kilikuwa kimeshajaa, kuna mama mmoja alikuja na kigoda.

"Moja! Mbili! Na TATU!"

Mota ikalia, vijana wakasukuma huku wanateleza, mimi nikaning'inia kwenye bomba kwa uzito wangu wote kilo 84, na nyumba ikaanza kwenda. Naapa ilianza kwenda. Ila siyo chumba kilichokuwa kinaenda kwenye nyumba, ni nyumba ilikuwa inakifuata chumba, inainama, inainama, sahani zinashuka kabatini moja moja, dereva anapiga kelele "Inakuja! Inakuja!" na mimi chini naamini kabisa tunashinda, nikaongeza, na hapo kitu kikasema KAAH.

Ni pini. Kwenye shafti kuna pini ambayo imetengenezwa ikatike yenyewe mzigo ukizidi ili gia zipone, na ilifanya kazi yake kwa uaminifu. Hendeli ikawa nyepesi ghafla, bomba likazunguka na mimi nikazunguka nalo, nikatokea upande wa pili wa treila kwa kasi ambayo sijawahi kuwa nayo tangu nizaliwe, nikaenda moja kwa moja kwenye kuni. Kuni zote zikaniangukia. Kuku wawili wakatokea mle ndani wanalalamika. Vijana wakakimbia.

Vumbi la kuni likatulia nikafumbua macho. Mbele ya pua yangu kuna ukuta. Nikaangalia vizuri. Siyo ukuta, ni nguzo. Nguzo ya matofali ya kuchoma, imepigwa plasta, imepakwa chokaa, imekaa juu ya msingi wa mawe, na juu yake imekaa slaidi. Nikageuza shingo taratibu. Kule mwisho ipo ya pili. Kwenye plasta mtu kaandika kwa kidole ikiwa mbichi, tarehe na mwaka, na pembeni kachora ua.

Basi habari yenyewe ni hii. Shem alivyotoa slaidi mwaka jana akaondoka, mama akakaa akaiangalia siku tatu. Chumba kizima kinaning'inia hewani, kina sofa, wajukuu wanarukaruka humo, na chini hakina nguzo hata moja. Mwanaye kaishi Ulaya huko kasahau kwamba nyumba inajengwa kutoka chini. Akamwita fundi mwashi wa jirani akamlipa jogoo na mkungu wa ndizi, wakamjengea nguzo mbili imara, akashukuru Mungu akapanga kuni zake. Na zilikuwa imara kweli. Mvua ilipokuja jeki za treila zikazama kwenye udongo, nyumba ikashuka, nguzo hazikushuka, kwahiyo kile chumba kikawa kimebebwa juu na nguzo huku nyumba imekaa chini, kimebana kwenye fremu pande zote, na kila nilipokivuta nilikuwa naikokota nyumba ya tani tatu juu ya zege. Betri mpya, fyuzi, ethi, mipira, yote nilitengeneza na yote yalikuwa yameharibika kweli, ila hata ningeleta injini ya treni isingetoka pale.

Nikiwa bado nimelala kwenye kuni nikaona khanga. Mama mkwe kaja mwenyewe mpaka pale, kasimama, kaangalia pembeni kwenye mgomba, na kwa mara ya kwanza tangu nioe akanisemesha bila mtoto.

"Baba, si nimekuuliza hayo matofali tangu jana asubuhi?"

Sikuwa na jibu. Nikasema shikamoo. Akasema marahaba.

Dogo kasimama kwenye kona kakunja mikono kama wakili aliyeshinda kesi, hakukosea hata neno moja siku nzima.

Nguzo zilituchukua saa moja na nyundo nzito, yule mwashi akaja kushuhudia akiwa na uso wa msiba, kila pigo anasema "hiyo ratio ni moja kwa nne hiyo". Ilipotoka tofali la juu kabisa slaidi ikashuka kama vidole viwili na ikapumua, hivyo ndo ninavyoweza kusema, kama mtu aliyevua viatu vinavyobana. Nikachonga pini nyingine ya muda kutoka kwenye bolti laini, tukaiingiza, vijana wakainua kidogo kwa jeki tukasawazisha nyumba. Nikabonyeza swichi. Uuuuuu. Ikaingia yote, bila mguno, ikagusa ukuta ikanyamaza. Kama sekunde arobaini. Watu wakapiga makofi, mama wa kigoda akapiga vigelegele, na mimi kidogo nitoe machozi, siyo kwa furaha, mgongo.

Nikasema haya dereva, funga tuondoke. Dereva akarudisha lori nyuma, akashuka, akaangalia mdomo wa treila. Akainama. Akaangalia lori lake. Akaweka mkono kiunoni.

"Hii kwako ni kikombe."

"Ndio, inakaa juu ya mpira wa chuma."

"Mimi nina ndoano."

Tukaangaliana. Lile lori la Dar lilichomelewa mpira maalumu, hili hakuna aliyekumbuka kuuliza, wala shem, wala mimi fundi. Gereji ya kuchomelea ipo Tukuyu, mvua ile, mchele wake Kyela unamsubiri. Akasema atapita wiki ijayo. Akapewa ndizi akaondoka akipiga honi.

Mvua ikaanza upya. Kuni zimelala nje zinalowa, magunia ya viazi yapo barazani watu wanajikwaa, kuku hawana pa kulala. Shem akapiga nikamwambia imeingia, akashangilia sana, nikamwambia sasa naitoa tena, akanyamaza. Nikabonyeza, ikatoka laini kabisa, ikaning'inia pale pale juu ya migomba.

Nakusanya spana zangu niwahi gari la Mbeya, dogo huyo.

"Anko."

"Eeh."

"Bibi anasema simenti imebaki nusu mfuko."